Kilo Tano za Bondeni

Jumatatu, 6 Novemba

Chai ya majira ya baridi imekauka, imeviringwa, imepimwa. Kilo nane. Nimepima tena. Nane! Ushirika unataka kilo kumi na tatu kwa kila anayeingia mashindanoni, si gramu pungufu. Mwezi mzima ukungu umeshuka siku kumi na moja tu, machipukizi yakadumaa. Ukungu nao hauna ofisi ya kuushitakia.

Mwanyumba wangu Ching-fu, aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu, kapita na pikipiki makusudi. Kasimama. Kaniuliza, eti, "Mwanyumba, mwaka huu unaleta chai au unaleta sababu?" Mwaka jana alipata nafasi ya tatu. Bango lake jekundu bado linaning'inia mlangoni, miezi kumi na moja sasa, limepauka kama shuka la hospitali. Yeye shamba karithi. Mimi nilipanda mlima huu nikiwa na miaka ishirini na mitatu, begi moja na mundu wa kuazima. Hilo halipewi bango.

Jumanne, 7 Novemba

Nimeshuka bondeni. Saa mbili za kona. Kwenye mwinuko wa mita 300 kuna muuza chai mmoja anayetafuna tambuu, haulizi maswali. Nimerudi na kilo tano.

Nimezichanganya kwenye mkeka chumbani, mlango umefungwa. Punje za kijani kule, punje za kijani huku. Asilimia 61.5 ya mlimani, 38.5 ya bondeni. Hata mimi sikuweza kuzitenganisha, na mimi ndiye mwenye dhambi.

Fomu lazima iwe na jina la mwanachama. Mimi si mzaliwa wa hapa, kwa hiyo huandikwa baba mkwe, Mzee Weng, mwanachama miaka arobaini na mmoja. Kagonga muhuri bila kusoma. Kasema mkwe wake hawezi kumletea karatasi mbaya. Nikakohoa.

Jumatano, 8 Novemba

Asubuhi nimekabidhi. Kila mzigo hupewa namba ili waamuzi wasijue ni wa nani. Karani aliificha namba yetu kwa kiganja, lakini kiganja chake kidogo. 37.

Natoka, naona tangazo jipya. Mwaka huu chai kumi zitakazofika fainali zitapelekwa maabara kupimwa zilikuzwa wapi. Itakayobainika imechanganywa, mwanachama anafutwa na jina lake linabandikwa mlangoni mwa hekalu. Mwanachama! Si mimi. Ni mzee wa miaka themanini na mmoja ambaye hajawahi hata kupitisha kuku kwenye ua wa jirani.

Nikarudi kwa karani kuomba mzigo wangu. Kasema mwenye kuondoa ni mwanachama mwenyewe, aje na muhuri. Yaani nikamwambie Mzee. Afadhali nimeze birika.

Mchana sikula. Mke wangu Su-luan kaniuliza nina nini. Nikasema tumbo. Kanipa uji wa wali na tangawizi, kanitazama kama anayehesabu.

Nimekwenda kwa mungu wa ardhi, nikarusha vile vipande viwili vya mbao vinavyojibu ndiyo au hapana. Je, 37 itashindwa? Kakataa. Nikarusha tena. Kakataa. Mara ya tatu kakataa. Mara ya nne nikauliza kwa sauti ya upole zaidi, kakubali. Nimeridhika na jibu la nne.

Alhamisi, 9 Novemba

Mungu husaidia anayejisaidia. Nimejitolea kubeba birika la waamuzi.

Utaratibu ni ule ule: gramu tatu katika kikombe cheupe, maji yanayochemka, dakika sita, kisha yanamiminwa bakulini. Mpango wangu: 37 nitaijaza ya kwanza na kuimimina ya mwisho. Dakika nane na sekunde arobaini! Iwe chungu kama mwarobaini, itupwe nje raundi ya kwanza, maabara isiione.

Mwamuzi mkuu ni mama mmoja mwembamba mwenye kijiko. Anafyonza chai kwa kelele ya beseni linaloisha maji. Kafika 37. Kafyonza. Kasimama. Karudi nyuma, kafyonza tena, kawaita wenzake wawili. Kawaambia hii ina mwili, imejaa mdomoni, na utamu wake unapanda kooni wenyewe baada ya kumeza.

Nilikuwa nimesahau jambo analolijua kila mtoto wa mlima huu: jani zuri likikawia majini haliharibiki, linanona. Sasa nani angedhani kilo zangu tano za bondeni zina mwili? Kwa dakika nzima niliona fahari. Kisha nikaiona sura ya Mzee Weng mlangoni mwa hekalu.

Raundi ya pili nilijipaka mafuta ya mnanaa mikono yote, nikakiinamia kikombe cha 37 kwa muda mrefu. Yule mama kanusa hewa, kanitazama: "Baba, toka na zahanati yako!" Nimetolewa nje. 37 imeingia kumi bora.

Ijumaa, 10 Novemba

Majani yanaondoka kwenda maabara saa sita mchana. Saa mbili asubuhi nimekwenda kwa Mzee Weng kukiri. Nimejifunza hotuba njiani, sehemu nne.

Nimemkuta anatengeneza chai. Kabla sijafungua mdomo kanisogezea vifuniko viwili, kila kimoja na jani lililolowa, limekunjuka. Moja nene, gumu kama ngozi ya mkanda. La pili jepesi kama karatasi ya sala. Kalinyanyua lile la pili kwa kucha, kasema:

"Mkwe wangu, jani hili limepanda mlima kwa gari."

Hotuba yote ikanitoka, sehemu zote nne.

Kumbe Jumatano alipita kwangu mchana, nikiwa kwa mungu wa ardhi, Su-luan akampikia chai kutokana na punje zilizobaki mkekani. Funda moja tu. Alishuka ushirika siku ile ile kabla hawajafunga, na muhuri wake, akaondoa kilo zote kumi na tatu. Alimwambia karani chai imeingia unyevu.

Zimeondolewa! Tangu Jumatano! Jina lake safi, miaka arobaini na mmoja na siku mbili. Nikakaa juu ya gunia. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta nikisoma lile tangazo. Hajapiga kelele, hajamwita mtu. Kataka jambo moja tu: ule mchanganyiko tuunywe mimi na yeye mpaka uishe. Gramu saba kila birika, mara mbili kwa siku. Siku 928. Nimekubali. Ningekubali elfu tatu.

Nikiwa mlangoni ndipo nikauliza: basi 37 ni nani? Kasema namba iliyobaki wazi alipewa aliyechelewa. Ching-fu.

Jumamosi, 11 Novemba

Maabara imesema zote kumi safi. Ching-fu wa kwanza. Bango jipya limefunika la zamani na nusu ya dirisha.

Kaja mwenyewe kutuambia. Kasema waamuzi hawajaonja chai iliyonona vile. Kasema anamwombea heri aliyebeba birika. Su-luan kacheka mpaka kashika mwimo wa mlango. Nimekula mabakuli mawili ya wali kwa nyama ya nguruwe, nikamwambia hongera, mwanyumba. Na niseme ukweli, ilinitoka bila maumivu. Wiki hii nilikuwa nimfukuzishe mzee wa watu. Bango ni kitambaa tu.

Jumapili, 12 Novemba

Nimelala kwa saa tisa nzima. Jua, hewa nyepesi, mlima mzima umeoshwa. Siku ya pili kati ya 928. Mzee kamimina, tumekunywa kwa amani. Si mbaya, kwa kweli.

Nimepata muda wa kufikiri wapi nilikosea. Nilishuka mno! Chai huitwa ya mlima mrefu kuanzia mita 1,000. Kilo nane za mita 1,380 na tano za mita 300: wastani mita 965. Pungufu mita thelathini na tano tu! Lakini njia ile ile, kona ya kumi na sita, yuko bwana mwingine kwenye mita 400. Wastani: mita 1,003. Mlima halali kabisa, hata mbele ya mungu wa ardhi.

Nimempigia simu. Kaniwekea kilo tano za mavuno ya masika.