Vita vya Kijiko katika Sinia la Wakwe

Sogeeni, enyi watu wa mito na wa nchi kavu, kutoka vijito vya mikoko hadi barabara ya lami ya Kibiti. Aliye na jembe alilaze, aliye na simu aizime, maana nitakayoyanena ni makuu kuliko vita vya wafalme. Nitanena habari za Tamimu bin Sufiani, mkata boriti, mwangushaji wa mikandaa kule mikokoni, bwana wa shoka lisilopumzika, na habari za siku aliyotia kijiko katika sinia la pilau mbele ya kaumu nzima. Mashahidi wapo, tena wengi mno, maana kila mmoja sasa anadai kuwa alikuwa upande wa kijiko tangu mwanzo.

Jueni kwanza kwamba katika kitongoji chetu wanaume huzunguka sinia moja wakala kwa mkono wa kulia, na wa kushoto hauthubutu hata kuchungulia. Hakuna aliyepata kuomba kijiko karamuni ila Mudy, kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam, akakiomba kwenye khitma kwa upole kabisa. Umma wetu haukumpiga wala haukumtukana, kwa kuwa ni umma wa waungwana. Ulimcheka tu, ukamwita Mzungu wa Kijiko, ukamwimbia njiani hata akahamia Kibiti kuendesha bodaboda. Na wale wale waliocheka walikuwa na vijiko majumbani mwao, na kila asubuhi waliunywa uji kwavyo, milango ikiwa imefungwa.

Basi masika iliyopita shoka lilimgeuka bwana wake huko mikokoni, likampasua kiganja cha kulia. Jeraha lilipofunga, vidole viwili vilibaki vimenyooka, havikunjiki. Dole gumba lilikuwa zima, lakini kufinyanga tonge la wali hakuweza tena. Katika karamu ya kwanza baada ya hapo wali ulimponyoka ukamwagikia kanzu ya jirani yake. Wote walijisogeza kando kidogo, na Tamimu, aliyeangusha misitu, aliuogopa msogeo ule kuliko alivyowahi kuliogopa shoka. Tangu siku hiyo, kila palipopikwa, alisema amefunga.

Hapa ndipo akili ya umma wetu ilipong'aa. Alifunga kwenye arusi, akafunga kwenye maulidi, akafunga kwenye matanga, akakonda hadi kanzu ikamning'inia, na hakuna aliyejiuliza huyu mtu ana nini. Walisema amekuwa walii. Wanawake walimletea watoto wenye homa awasomee dua, na Mzee Husseini, aliyejiteua mwenyewe kuwa mlinzi wa mila zetu, na ambaye hakuna sinia lililowahi kumpita, akawa anamtaja kuwa mfano wa kuwasuta walafi. Walii mwenyewe alirudi kwake na njaa yake, akala jikoni kwa kijiko, mkewe Kijakazi akiwa amesimama mlangoni kuangalia asije mtu.

Ikawadia siku ya kuozwa binti yao Warda, na hapo hapakuwa na pa kujificha. Kwa mila yetu, nikahi ikishasomwa, baba wa bibi arusi na baba wa bwana arusi hula sinia moja mbele ya watu. Atakayekataa kula amekataa udugu, na wakwe huondoka bila bibi arusi. Baba wa bwana arusi, Bwana Ahmed, mfanyabiashara wa Utete, alikuwa ameshanawa, ameketi na jamaa zake mbele ya mlima wa pilau, anangoja. Nyuma ya pazia Warda, hina haijafifia mikononi, alikuwa akisikiliza.

Tamimu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba amefunga.

Jamaa wa Utete wakatazamana, na mmoja wao akaanza kutafuta viatu vyake. Ndipo Mzee Husseini akakohoa kwa niaba ya kaumu nzima, akanena.

"Ewe Tamimu, funga ya sunna hufunguliwa kwa ajili ya mgeni, na hilo unalijua. Nyoosha mkono, ule na mkweo kama walivyokula babu zetu, ama sivyo utwambie mbele ya wageni hawa ni kitu gani kibaya ulichokiona kwao."

Hakuna jemadari aliyewahi kuzingirwa kama alivyozingirwa Tamimu saa ile, mbele yake sinia, nyuma yake pazia, na pande zote macho ya watu waliokwisha kushiba maneno wakangoja kitoweo. Akautazama mkono wake. Akaitazama kanzu nyeupe ya mkwewe. Kisha akanena.

"Jamaa zangu, mimi si walii. Vidole vyangu havikunjiki. Tangu masika nawadanganya, kwa sababu nilimwona Mudy mlivyomfanya. Lakini huyu ni mwanangu, sitamwoza kwa uongo. Kijakazi, niletee kijiko."

Akaja Kijakazi, mama wa majasiri, akapita katikati ya wanaume bila kuomba njia, amekishika kijiko cha bati kilichopinda shingo, akakipachika mkononi mwa mumewe baina ya gumba na kiganja. "Mtazameni mkitaka," akawaambia. "Mimi nimechoka kumficha mume wangu jikoni."

Kijiko kikapanda mlima. Kikavuka bonde la zabibu, kikateka kiazi, kikamkamata mateka mmoja wa nyama, kikarejea kinywani bila punje hata moja kuanguka. Mzee Husseini alikuwa tayari kucheka, ila alingoja kicheko kianze ili akiongoze. Nao wengine walimtazama yeye waone kama kimeanza. Kwa hiyo hakikuanza kabisa, na ndivyo kaumu yetu ilivyookoka na uovu wake, kwa kukosa wa kutangulia. Bwana Ahmed akatia tonge lake kinywani, akala na mkwewe, akapuliza vidole vyake, akasema pilau hii ni ya moto, je, nyumba hii haina kijiko cha pili?

Hapo ngome ikaanguka. Vizazi kwa vizazi watu wetu wameungua vidole wakisema alhamdulillahi, na leo kila mmoja akagundua kwamba anaungua. Watu wa Utete wakataka vijiko kwa kuwa mkubwa wao ametaka, na wa kwetu wakataka kwa kuwa wageni wametaka. Mzee Husseini akajipatia kikubwa kupita vyote, akatangaza kwamba babu zetu walikuwa na pawa za kifuu za kuchotea mchuzi, na kwamba kijiko ndicho mila yenyewe. Warda akatolewa kwa vigelegele, akaenda Utete na mumewe, na baba yake akala mpaka akashiba, akalia kidogo, na hilo sitalifanyia mzaha.

Andikeni basi, enyi waandishi wa tarehe, kwamba katika zama zetu kijiko kilishinda, na jina la Tamimu bin Sufiani mliandike kwa wino mzito. Ila msifunge kitabu upesi. Katika maulidi yaliyofuata alikuja mgeni kutoka Ngarambe, jina lake Gharibu, mtu wa heshima zake, akanawa, akasema bismillahi, akatia mkono wake wa kulia katika sinia. Vijiko vyote vikasimama hewani. Mzee Husseini akamwuliza, kwa upole, kwao alilelewa na nani. Watu wakacheka, safari hii bila kungoja wa kutangulia, na Gharibu akauvuta mkono wake akaufuta, akasema kwamba alikuwa ameshakula njiani.

Na shujaa wetu alikuwa ameketi ubavuni pake, kijiko mkononi, naye alicheka.