Watoto Hawarudi Kutoka Mezani

Shule ya Msingi Zemo Tela, Imereti
Alhamisi, saa nane na nusu mchana
Chumba cha Hisabati (kitupu)

Kwa Ndugu Mkuu wa Elimu wa Wilaya,

Pokea heshima zangu zote, na za madawati yangu, maana watu sina.

Mimi ni Vazha Kobalia, mwalimu wa Hisabati kwa miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kukuandikia kulalamika, hata mwaka ule paa lilipovuja juu ya ubao. Leo nalalamika. Naulalamikia mpango wa chakula cha shule, kwa sababu umefaulu.

Mwaka jana ulikuwa mbovu na sikuwa na neno. Supu ilikuwa baridi, watoto walikula kwa dakika sita, masalio yakaenda kwa nguruwe wa mlinzi, na kipindi changu cha saa saba kilianza saa saba. Septemba akaja mpishi mpya, Bi Tsiala, aliyepikia harusi za bonde hili miaka ishirini. Siku ya kwanza aliwatazama watoto wakila kimyakimya, akatikisa kichwa. "Hawa hawali, wanajaza tumbo tu. Meza haina tamada, nani atasikia njaa hapo?"

Sina ugomvi na tamada, mtu mzima anayeiongoza meza na kutoa neno la heri kabla ya kila glasi ya divai. Lakini Bi Tsiala alimteua Tekle wa darasa la nne, mwenye umri wa miaka tisa na mapengo mawili, na badala ya divai akampa sharubati ya cheri. Tangu hapo nimeona haya:

1. Hakuna anayegusa glasi kabla ya neno. La kwanza ni la amani, kisha nchi, kisha wazazi, kisha waliofariki, kisha watoto wachanga, kisha mgeni. Jumatatu mgeni hakuwepo, wakatumana barabarani kumtafuta. Wakarudi na dereva wa lori la matofali. Alikula maharage ya chungu yenye giligilani, akalia, akaimba. Leo ni Alhamisi, na matofali bado yako uwanjani.

2. Tamada akikukabidhi neno, lazima uongeze lako. Luka, ambaye tangu darasa la kwanza hajanijibu zaidi ya "sijui", alimsifu bibi yake na kuku wa bibi yake kwa dakika kumi na moja. Nilisikia mwenyewe, nikiwa chini ya dirisha kwa shughuli nyingine. Kesho yake asubuhi nikamuuliza sita mara saba ni ngapi. Akasimama, mkono kifuani: "Mwalimu, hilo namkabidhi Gela aongezee."

3. Watoto hawanywi tena hata maji bila neno. Juzi asubuhi, katikati ya somo la sehemu, Nutsa aliinua chupa yake. "Tunywe kwa ajili ya asili ya sehemu, iliyo chini siku zote, ikikibeba kiasi bila kunung'unika." Darasa zima likasimama. Na mimi nilisimama, kwa mazoea tu.

4. Hakuna anayeugua. Mtoto mwenye homa aliruka dirisha la kwao ili awahi mezani. Watoto wa shule za jirani wanatuhamia. Nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, sasa ninao ishirini na sita, na wote hawapo.

5. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Zurab, alikwenda kuwaondoa. Aliketi dakika moja kwa adabu, akaomba ruhusa ya kuondoka. Tekle akamnyima. "Kaa, Mwalimu Mkuu. Majirani bado hatujawataja, utatutia aibu." Akakaa. Sasa anaimba nao, sauti ya besi.

Mwezi Mei kuna mtihani wa mkoa. Wakianguka, Hisabati itapelekwa shule nyingine ya bondeni na mimi nitapelekwa nyumbani. Nyumbani hakuna mtu tangu mke wangu Lamara afariki. Naogopa, Ndugu Mkuu, na nalisema waziwazi ili ujue kwamba sitanii.

Kwa hiyo naomba mambo matatu: maharage yapunguzwe utamu; Tekle aruhusiwe maneno mawili kwa siku, yote kuhusu usafi wa mikono; na supu ya mwaka jana irudishwe, baridi vilevile. Mimi sitaathirika. Ninakula yai langu la kuchemsha hapahapa darasani.

Wasalimie nyumbani kwako, msalimie karani wako, na dereva wa matofali anakusalimu.

Wako mtiifu,
Vazha Kobalia

N.B. Nilikuwa nalamba gundi ya bahasha Tekle alipotokea mlangoni. "Mwalimu, tumefika kwa waliofariki, na hatuwezi kuendelea bila wewe. Twende, chakula kinapoa." Nilikwenda kwa nia ya kumkemea mbele ya wote. Akasimama juu ya kigoda, akamtaja Lamara kwa jina, kwamba ndiye aliyewafundisha mama zao kusoma, kisha akanikabidhi neno. Sikumbuki nilisema nini. Nilipoketi, Luka alikuwa anaitazama saa ya ukutani. "Umesema dakika arobaini, Mwalimu. Hiyo ni sehemu nane kati ya tisa za kipindi." Kipindi ni dakika arobaini na tano; nilipiga hesabu mara mbili kwenye kitambaa cha meza. Ni kweli.

Tafadhali yafute maombi yote matatu, na kipindi changu kihamishiwe mezani. Dereva amekwenda zake na kutuachia matofali, Bi Tsiala anajenga jiko la pili. Kesho kiti cha mgeni ki wazi. Tunaanza saa sita na nusu. Usiwe na shughuli nyingine siku hiyo.