Koo Moja, Madaktari Watano

Jumatatu, 9 Juni 2025
Hasira! Tangu kiharusi cha Aprili, kila nikinywa maji nakohoa. Leo hospitali wameniweka mbele ya watu watano: daktari wa koo, wa ubongo, wa lishe, wa viungo, na Mama Honorine, anayefundisha watu wazima kumeza. Kumeza! Nina miaka sitini na mmoja! Amri: uji mzito tu, kidevu chini, kijiko kidogo. Bukari, ugali wetu, marufuku. Nimewaambia Jumamosi wakwe wa binti yangu Princesse wanakuja, na baba asiyekula tonge la kwanza mbele yao amekataa ndoa. Wakasema kipimo ni Alhamisi.

Alhamisi, 12 Juni
Wamenipitishia kamera puani na kunilisha uji wa kijani. Mpango wangu: kuuficha shavuni. Mama Honorine akauliza uji umekwenda wapi. Nikafungua mdomo kumjibu, ukamwagika kwenye shati. Kijiko cha pili nilimeza kweli, ukashuka njia ya pumzi bila mimi kuhisi. Akasema hiyo ndiyo hatari, na kwamba Jumamosi atakuja kuwaeleza wakwe. Awaeleze nini, kwamba mimi ni mtoto mchanga? Nimekataa.

Jumamosi, 14 Juni
Myriam, mke wangu, alininong'oneza nitafune polepole. Shemeji Ngeleka akatangaza kwamba yuko tayari kula kwa niaba yangu. Yule! Tangu lini bukari inatafunwa? Mwanaume humeza. Nikafinyanga tonge kubwa. Likakwama. Ngeleka akanipiga mgongoni, kwa furaha, naapa. Tonge likaruka hadi kwenye sahani ya baba mkwe. Wakasimama waondoke: nimewatemea ndoa! Princesse akawapigia magoti akilia, akawaeleza ugonjwa wangu. Wakakaa. Tonge la kwanza kalila Ngeleka. Ngeleka!

Jumatatu, 16 Juni
Hospitali. Nimonia. Mrija puani. Watano sasa ni sita. Princesse alikuja, akanishika mkono: "Tata, mi nataka unione siku ya ndoa, ata ukikula na kijiko." Nimelia. Nimemwapia kwa kaburi la mama yangu kwamba nitatii.
Alipotoka nikafikiri vizuri. Kosa ni la unga: mahindi mengi, muhogo kidogo. Bukari ya muhogo mtupu huteleza yenyewe. Jirani wa kitanda cha pili ameletewa bakuli zima, na saa kumi huenda kuoga.