Wageni Elfu Mbili wa Ukurasa Wetu

Jumatatu, 6 Mei

Mwezi wa tatu tangu nitoke kwenye zege. Mgongo bado unalalamika nikiinama, lakini kitabu si mfuko wa saruji. Kazi yangu hapa maktaba ya chuo: kusukuma toroli, kutoa vitabu stoo, kurudisha vitabu stoo, kufuta vumbi. Shule niliishia darasa la sita. Hakuna aliyeniuliza. Naomba wasiulize mpaka nizeeke.

Ila kuna jambo.

Mkutubi ni mwanamke mpole, ananiita kaka. Anasema zamani kila kitabu kilikuwa na kadi yake kwenye droo. Kadi zikatupwa, ikaja programu ya kompyuta. Programu ikazeeka, ikagoma kufunguka, orodha yote ikafia humo. Sasa ametengeneza ukurasa wa maktaba kwenye mtandao. Kazi ileile moja ameianza upya mara tatu! Mwenye akili angeshashuku kitu.

Mchana anakaa na walimu wote wafundishwe ukurasa huo na mwalimu wa kompyuta. Huyu mimi namwita Bwana Nywila. Mwambie lolote, hata kwamba bomba la chooni limeziba, atakuuliza kama umeingiza nywila. Walimu wazima, wenye mvi, wanaandika nywila viganjani kama watoto wanaoibia mtihani.

Leo nimewakuta Mkutubi na Bwana Nywila wananong'ona nyuma ya rafu ya historia. Nikaanza kufuta vumbi palepale. Polepole. Nikasikia kwamba kamati ya chuo inakutana Jumatatu ijayo na itaangalia idadi ya wageni wa ukurasa. Mkutubi akasema idadi ni ndogo. Bwana Nywila akacheka. Waliponiona wakanyamaza.

Kwa nini wanyamaze? Mtu mwenye nia njema huendelea kuongea.

Jumanne, 7 Mei

Nimeuona ukurasa wenyewe kwa simu yangu. Picha ya mlango wetu, picha ya Mkutubi akitabasamu, sehemu ya kuombea kitabu. Mimi simo. Toroli limo, mimi nimekatwa, kimebaki kiwiko.

Chini kabisa, kwa maandishi madogo: Wageni hadi leo, 9.

Tisa! Maktaba ya wageni tisa ina haja gani na mtu wa toroli? Kamati itasoma tisa, itafunga kila kitu, na mimi nitarudishwa nilikotoka.

Na kama kwa makusudi, saa nne akapita nyapara wa zamani. Wanajenga bweni upande wa pili wa uwanja. Akachungulia dirishani, akaniuliza mgongo unaendeleaje, akasema nafasi yangu ipo, sasa wamefika ghorofa ya tatu na zege linapandishwa kwa ndoo. Eti amenikumbuka tu. Tangu nitoke kwake hakunikumbuka hata kwa salamu! Nani amemwambia? Namshuku Bwana Nywila. Jana alikuwa na vumbi la saruji kwenye kiatu.

Nikarudi kwenye simu nikiwa na hasira. Nikafunga ukurasa, nikaufungua tena kuuangalia huo uchuro vizuri. Wageni hadi leo, 10.

Nikafunga. Nikafungua. 11.

Nikafunga mlango wa stoo.

Jumatano, 8 Mei

614! Na bado ni saa nane mchana.

Naegesha toroli kwenye rafu ya jiografia, ambako watu hawafiki, na ninabonyeza. Kila nikifika mia nabadilisha kidole, wasitambue kwamba ni mtu mmoja. Cha shahada kimevimba. Kidole gumba kina nguvu lakini hakina shabaha, mara mbili kimempigia simu shemeji yangu.

Kikwazo kimoja. Bando langu lilikwisha kwenye 212. Mtandao wa maktaba unataka nywila, na kwenda kwa Bwana Nywila ni kujipeleka mwenyewe polisi. Nikafikiri. Mwalimu wa biolojia alipokuja kurudisha vitabu nikamwomba anioneshe ukubwa wa moyo wa ng'ombe. Akafungua kiganja. Ilikuwa pale, kwa wino wa bluu, herufi zote. Nimejua na moyo wa ng'ombe pia.

Mama Watoto amepiga simu kutoka nyumbani. Anataka kujua kwa nini tangu asubuhi niko mtandaoni, na ni mwanamke gani huyo asiyechoka. Nikamwambia ni kazi. Akasema kazi gani ya kidole, niliaga naenda kubeba. Nikamwambia dunia imebadilika. Akasema dunia ndiyo, lakini mimi ananijua. Kisha akakata.

Hata yeye sasa simwelewi. Nani kamwambia niko mtandaoni?

Alhamisi, 9 Mei

1,530.

Maktaba nzima imechangamka. Mkutubi anaangalia namba, anavua miwani, anaifuta, anaangalia tena. Walimu wanasukumana kuingia kwenye mafunzo. Yule wa historia, aliyekuwa akisema atastaafu na chaki mkononi, leo amekuja wa kwanza, amevaa tai, ameandika somo la kurasa kumi na nne. Anasema mtu mwenye wasomaji elfu na mia tano hawezi kuwaandikia ovyo. Akaomba na picha yake iwekwe. Nimempiga picha mwenyewe. Akaniuliza kama wasomaji hao ni wa hapa au wa nje. Nikamwambia wametoka karibu.

Mkutubi akanifuata stoo. Akasema, "Kaka, hebu kaa kidogo, kuna kitu kuhusu Jumatatu nataka ukielewe, maana kinakuhusu." Sauti ya upole kabisa. Hapo ndipo nilipojua. Amegundua kwamba maktaba inaokolewa na mtu mwingine, anataka kunipunguzia kasi ili sifa ziwe zake. Nikamwambia toroli linanisubiri. Akasema ni dakika mbili tu. Dakika mbili ni wageni thelathini! Nikaondoka.

Jioni akanipa karatasi tatu. Eti kuna wanafunzi wameomba vitabu kupitia ukurasa, niwaletee mezani. Wanafunzi wa kweli. Siku hii hii, wakati namba inapanda? Mtego wa Bwana Nywila, wa kuniondoa kidole kwenye simu. Nimezikunja nikaziweka chini ya mguu wa meza inayoyumba. Imetulia.

Ijumaa, 10 Mei

2,316. Mkono wa kulia haufungi vifungo vya shati.

Saa tano Bwana Nywila akaingia na kompyuta yake ya mapajani. Hakuniamkia. Akasimama katikati ya chumba kama mtu anayesikia harufu ya gesi. Akasema wageni wote elfu mbili na ushee wametoka kwenye simu moja, na simu hiyo iko ndani ya jengo hili. Kisha akanigeukia, akaniuliza, mzee, wewe unatumia simu gani?

Mzee! Tumezidiana miaka minne.

Nikamwambia mimi simu yangu ni ya kupokelea tu, mtandao siujui, sijawahi kuuona. Hapohapo ikalia. Mama Watoto, kwa video, uso mzima kwenye kioo, anamwomba huyo mwanamke ajitokeze amwone. Bwana Nywila akainama kwa adabu akasema shikamoo shemeji. Nikaizima. Nikasema inajifungua yenyewe, ni mbovu.

Akaandika kitu. Sikupenda alivyoandika.

Baadaye akaja Mkutubi, peke yake, na kikombe cha chai kwa ajili yangu. Sikukigusa. Akasema, "Kaka yangu, kama ni wewe, niambie leo, kabla ya Jumatatu. Hakuna atakayekukasirikia. Ukinyamaza utaumia wewe na nitaumia mimi." Macho yamemjaa maji kabisa. Kajiandaa vizuri. Nimeishi mbali na kwetu miaka kumi na moja, na kila aliyewahi kunifukuza kazi alianza na neno kaka yangu.

Nikasema si mimi.

Chai nilikunywa alipoondoka.

Jumatatu, 13 Mei

Kikao kimefanyika chumba cha kusomea. Mimi nilipanga viti, kisha nikabaki kukung'uta mapazia. Pazia moja, saa nzima.

Mwenyekiti wa kamati amesimama na karatasi yenye namba yangu. Amempongeza Mkutubi. Amesema hajawahi kuona kitu kama hiki, wageni elfu mbili mia tatu na kumi na sita ndani ya siku nne! Makofi. Nilitaka kuinama kidogo, nikajizuia.

Kisha akasema kwa kuwa wasomaji wote sasa wanasomea kwenye ukurasa, chumba cha kusomea hakina haja tena. Kifungwe. Vitabu viende stoo. Mkutubi ahamie ofisini na kompyuta yake. Na kibarua wa toroli arudishwe kwenye ujenzi, bweni limechelewa.

Pazia likanidondokea.

Mkutubi akasimama akapinga. Alisema yote: ukurasa ni wa kumleta msomaji kwenye kitabu, haukutengenezwa kumfukuza, na ile namba haiaminiki. Na nani akamuunga mkono? Bwana Nywila! Akasema namba hiyo inanuka, ni simu moja. Akasema yeye hicho chumba hakitaki kwa kompyuta zake, anazo ishirini mbovu tayari na zinamtosha. Mwenyekiti akauliza simu ya nani. Bwana Nywila akasema ana mashaka lakini hana ushahidi, labda mhusika aseme mwenyewe. Mwenyekiti akatazama kila mtu, akauliza kama kuna anayejua chochote.

Niliangalia dari. Lina nyufa tatu, moja ndefu.

Uamuzi: chumba kimepewa wiki moja. Wasomaji wanaoingia kwa miguu yao watahesabiwa. Wakipungua arobaini kwa siku, kifungwe, na mimi ghorofani na ndoo.

Walipotoka, Mkutubi akanieleza kile alichotaka kunieleza Alhamisi. Kumbe namba ndogo ilikuwa nzuri! Kamati ingeona wageni tisa, ingesema wanafunzi bado wanahitaji chumba, ingewapa walimu muda wa kujifunza ukurasa taratibu. Chumba kilikuwa salama. Mimi nilikuwa salama. Walikuwa wanaomba tu namba isipande haraka.

Kwa hiyo ni kweli! Walikuwa wananificha kitu. Nilijua tangu siku ya kwanza.

Jumanne, 14 Mei

Bwana Nywila amefunga mashine mlangoni. Kijicho chekundu upande mmoja, kibao cha namba upande wa pili. Mtu akipita inalia ti, namba inapanda. Akanitazama sana wakati akiifunga. Akasema, "Mzee, hii usiiguse." Nikamwambia sina haja ya kuigusa. Na ni kweli, haihitaji kuguswa.

Mkutubi aliitwa ofisi kuu siku nzima. Kabla ya kuondoka akaniambia jana alikaa na walimu wote, wakaandika kwenye ukurasa kwamba kila kitabu kilichoombwa kitakuwa mezani leo, na kila mwalimu ametuma darasa lake. Akasema wanafunzi watakuja, wengi tu, kazi yangu ni kuwapa vitabu. Akanishika bega akasema, kaka, leo fanya kazi yako tu, basi, nakuomba.

Alipokata kona nikapita mlangoni. Ti. Moja.

Nikageuka. Ti. Mbili.

Haichagui! Kutoka inahesabu, kuingia inahesabu. Hadi saa tatu nilikuwa 180, na nilikuwa nimepata mwendo wa kupumzisha mgongo: kuingia kwa mbele, kutoka kinyumenyume.

Halafu wakaja. Kwanza sita, kisha darasa zima la biolojia, kisha la historia na mwalimu wao na tai yake. Zaidi ya hamsini. Wamesimama mlangoni na vikaratasi, vitabu vyetu viko wapi, tumeomba kwenye ukurasa. Nikawaambia sogea. Hawasogei. Naingia, nagongana nao. Natoka, wamejaa. Dakika kumi nzima namba haikupanda kwa sababu yao! Nikawauliza kama hawajui dunia imebadilika, wakasomee kwenye simu kama wenzao elfu mbili. Mwalimu wa historia alinuna, akakumbatia somo lake, akaondoka nao wote. Njia ikawa nyeupe.

Saa kumi: 1,140. Chumba kina viti arobaini. Hata aliyebuni viti hakutegemea.

Mkutubi alirudi, akasoma kibao, akatazama meza tupu, akakaa chini juu ya toroli. Mabega yalikuwa yanatikisika. Furaha ikizidi humfanya mtu hivyo.

Bwana Nywila amepita kusema kamati imepata habari ya watu 1,140 na inakuja Alhamisi kuwaona kwa macho. Waje. Nimebandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: Alhamisi wanafunzi wasije, watanizibia njia.