Nimemwitishia Roth Kikao

Jamani, leo nimejianika mbele ya mama mkwe.

Mke wangu Mwende ni muuguzi Marekani, mwaka wa nne sasa. Mimi niko hapa nyumbani, mtaa wa Jericho, naendesha gari la mikate, na jioni narudi kwa kitanda kikubwa kupita kiasi. Simu ndiyo ndoa yangu.

Asubuhi nimekuta ametuma ujumbe wa sauti. Nikaufungua mbio! Kumbe ulikuwa wa kwenda kwa rafiki yake, ukanijia kimakosa:

"Njeri, na Roth mwaka huu nimemalizana mapema! Mlango wa mbele si hawaniruhusu? Nimepitia wa nyuma, kama kila Januari."

Mara ujumbe ukafutwa. (Mtu akifuta, si ndio unajua ni kweli?)

Roth! Kila Januari! Nikamwona kabisa: mrefu, ana ndevu, anafungua mlango akiwa na taulo.

Mwenye akili angeuliza. Mimi nikamwita mama mkwe. Naye akaja na Shemasi Kioko wa kanisa letu, amevaa suti. Saa kumi jioni, Mwende akiwa ndio ametoka zamu, tukampigia ya video.

"Mwende," nikasema, "Roth ni nani?"

"Nani?"

"Huyo wa mlango wa nyuma! Mama yako yuko hapa. Shemasi pia!"

Mwende akacheka mpaka simu ikamponyoka.

"Mutuku wewe! Roth ni akaunti ya uzeeni. Pesa ikiingia humo inakua bila kukatwa kodi tena. Lakini mshahara ukizidi kiwango, huruhusiwi kuweka moja kwa moja. Kwa hivyo naweka kwanza kwenye akaunti ya uzeeni ya kawaida, pesa iliyokwishakatwa kodi, halafu baada ya siku chache naihamishia Roth. Ni halali. Ndio huo mlango wa nyuma."

"Na kila Januari?"

"Kiwango cha kuweka ni cha mwaka. Ukiisha, nahakikisha ile ya kawaida imebaki tupu, najaza fomu ya kodi, naanza upya. Nikiacha mle pesa nyingine isiyokatwa kodi, nitatozwa kodi kwa sehemu ya ile ninayohamisha."

"Kumbe ni chama cha akiba, cha mtu mmoja," mama mkwe akasema. Shemasi alikuwa anaandika.

Ningekomea hapo! Lakini mdomo huu.

"Na unaitoa lini?"

"Nikikaribia sitini."

Mwende ana thelathini na tisa. Nikahesabu Januari hizo zote, na kabla sijajizuia, nikalia. Si machozi ya kiume. Kilio, na makamasi! Mama mkwe akanipa leso yake.

"Wacha, mpenzi," Mwende akasema, na yeye macho yamejaa. "Pesa ndiyo itangoja sitini. Mimi nimechoka kungoja. Mkataba unaisha Desemba."

"Desemba gani?"

"Hii."

Shemasi ndiye aliyejibu, "Amina," kisha akauliza kama mtu wa Jericho anaweza kufungua Roth.

Tafadhalini, msinicheke leo. Chekeni Desemba akishafika, tuwe wawili wa kuchekwa.