Kipande cha Mwisho cha Keki ya Limau

Jumatatu, 3 Februari
Theluji hadi dirishani. Arden kaandika tena kwenye kundi la kanisa mtandaoni: eti wanaopinga gitaa ibadani hawana moyo, wana barafu. Ananisema mimi huyo! Nikamjibu kwamba Luther, mwasisi wa kanisa letu, angemtia bakora. Nikavuna madole gumba tele ya kuniunga mkono. Mke wangu Marlys kaniuliza kama dole gumba ndilo litakaloimba nami besi Jumapili. Swali gani hilo!

Jumanne, 4 Februari
Arden katangaza anahamia kwa Wamethodisti. Moyo ulinishtuka, sifichi. Tumeimba besi bega kwa bega tangu ujana. Mchungaji Solveig akapiga simu: kesho nyote wawili, chumba cha chini kanisani, ana kwa ana, simu mnaacha mlangoni. Nikakubali upesi mno. Nina mpango! Marlys ataoka keki ya limau. Hapa Minnesota mwenye adabu hali kipande cha mwisho. Nitamsukumia Arden. Akikila tu, kwisha habari yake.

Jumatano, 5 Februari
Tukala keki chumba cha chini hadi kikabaki kipande kimoja. Nikamkaribisha Arden. Akasema hapana, ndugu yangu, kula wewe. Nikamkaribisha tena. Akakata nusu, akasema kashiba. Mjanja huyo! Nami nikakata nusu ya nusu. Kuondoka hatuwezi, sahani haijaisha. Basi tukaongea. Kumbe gitaa analotaka kulipiga ibadani lilikuwa la marehemu mkewe, Janelle. Alimpigia Arden nyimbo za kanisa hadi vidole vilipokataa. Nikamuuliza mbona hakuandika hivyo. Akasema mambo hayo hayaandikwi mbele ya wapiga dole gumba. Nililia, kahawa ikaingia chumvi. Tulipoaga hatimaye, kipande kilikuwa bado sahanini, kidogo kama ukucha.

Alhamisi, 6 Februari
Mazoezi ya kwaya. Arden karudi, na gitaa mkononi! Gitaa lenyewe si baya sana. Kwa furaha nikaandika kwenye kundi kwamba nimemsamehe Arden. Akajibu mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyenisamehe, tena nusu yangu ya keki ilikuwa kubwa. Mwongo! Nikamwita mlafi wa Kimethodisti. Madole gumba yakamiminika. Mchungaji kapiga simu, sauti imechoka: kesho, chumba cha chini.

Nimeshamwomba Marlys aoke keki nyingine. Safari hii kipande cha mwisho atakila tu.