Leseni ya Rubani Asiye na Ndege

Bukavu, Novemba 2000

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Leseni za Urubani, Kinshasa

Bwana Mkuu mheshimiwa,

Naitwa Zagabe, mwalimu wa fizikia hapa Bukavu na rubani wa ndege ndogo za binafsi. Ndege sina, wala sijawahi kuwa nayo. Nina leseni, niliyoipata ujanani kwa msaada wa padri mmoja mmisionari aliyependa kuruka na hakupenda kuruka peke yake. Julai 1998 leseni hiyo ilikuja kwenu kupigwa muhuri mpya, ikiletwa na mke wangu, Colette. Agosti vita vikaikata nchi vipande viwili. Leseni ikabaki huko, Colette akabaki na leseni, mimi nikabaki na fotokopi.

Sasa nasikia kwa phonie, redio ya parokia ya kuongea na walio mbali, kwamba mnakataa kupiga muhuri kwa sababu sijaruka saa za kutosha. Kwa heshima zote, huo ni uonevu. Leseni hii imefanya kazi kuliko za marubani wenu wenye ndege. Naomba kueleza:

1. Nilioa nayo. Kule Mumosho, kwa baba mkwe wangu, muzee Aloys, niliiweka mkekani kando ya kibuyu cha pombe ya ndizi. Muzee akaigeuza mbele na nyuma. "Na ndege yenyewe iko wapi?" Nikamjibu: "Muzee, hii iko ruhusa tu. Ndege itafuata." Akafikiri, akapunguza ng'ombe mmoja kwenye mahari. Mpaka leo nikienda kumsalimia hutazama juu kwanza, kisha ndipo hutazama barabarani.

2. Mwaka 1996, kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari walikuwa wanachukua kila kitu chenye miguu au magurudumu. Mmoja aliishika leseni kichwa chini, akaona picha ya mabawa, akanipigia saluti, kisha akaniomba nimrushe hadi kwao. Nilimweleza kwamba hali ya hewa hairuhusu. Jua lilikuwa linawaka. Akakubali, nikapita na mbuzi wangu.

3. Tangu vita hivi vya pili, mtaa mzima unaishi kwa masikio yangu. Ndege ikinguruma upande wa uwanja wa Kavumu, kina mama wanatoka na masufuria mikononi: "Papa pilote, tukimbie ao tupike?" Nasikiliza, nasema ni ya mizigo, pikeni, na wanapika. Mara moja tu nilisema kimbieni. Tukalala kifudifudi migombani, majirani wote pamoja na katekista, kumbe ni mashine mpya ya maman Emérence inasaga mihogo. Hilo liandikwe kama zoezi la dharura. Hakuna abiria aliyeumia.

4. Emile, mfanyabiashara anayepeleka nguo Kamituga, hapandi ndege kabla sijaizunguka. Napiga teke gurudumu, nanusa pumzi ya rubani. Nikikunja uso, abiria wote wanashuka. Wiki iliyopita walishuka kwa sababu jino lilikuwa linaniuma. Ndege ikaenda bila mtu na ikafika salama, lakini na waliobaki pia wako salama. Katika maisha yangu yote ya urubani sijapoteza abiria hata mmoja. Ni nani kwenu anayeweza kusema hivyo?

Kwa hiyo naomba saa hizo zote zihesabiwe. Tena, kwa kuwa asiyepaa haanguki, naomba nipandishwe daraja hadi ndege kubwa. Na muhuri upigwe haraka, maana bila leseni siwezi kuruka kuja Kinshasa kuifuata leseni.

5. Benchi lenu. Kila Jumatatu Colette analikalia, na kila Jumatatu karani anamwambia arudi Jumatatu. Benchi halina mgongo, na yeye mgongo unamsumbua tangu alipomzaa Joviale, binti yetu. Joviale sasa anajisuka mwenyewe, vibaya, na hataki mtu mwingine amguse kichwa. Mara ya mwisho kwenye phonie Colette aliniuliza: "Mutoto anakula? Na weye, unalala? À vous," yaani zamu yangu kusema. Nyuma yangu foleni ya parokia nzima ilikuwa imetega masikio. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba imenishinda, kwamba nimemkumbuka mpaka naumwa. Nikamuuliza kama muhuri umepigwa. À vous.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Barua hii anaibeba abbé mmoja, padri anayepitia Nairobi, kwani kutoka kwetu kuja kwenu, ndani ya nchi moja, siku hizi ni lazima uzunguke mataifa. Nisalimie makarani wote, mlinzi wa mlango, na yeyote anayefuta vumbi kwenye benchi.

Nabaki, nikisubiri angani na ardhini,

Zagabe, rubani

N.B. Abbé ananiambia kuna ndege ya misaada inayoweza kutoka huko kuja huku, na huenda nafasi ikawa moja. Ikiwa ni hivyo, leseni bakini nayo, na saa zangu zifuteni zote. Mpandisheni Colette. Mwambieni siku ile kwenye phonie sikuwa naulizia muhuri.